MLIMA ULIOWEKEWA MIPAKA

Masomo: Kutoka 19, 10–25, 1 Wafalme 21, 1–19, Marko 9, 2–29

 

Kila mtu hapa Uvira anajua kwamba sisi ni watu wa mlima. Tukifunga siku tatu, tunapanda. Ugonjwa ukitushinda, tunapanda. Kijana akitafuta kazi, mama akikosa mtoto, vita vikikaribia, tunavaa nguo zetu nyeupe na kupanda. Wazee waliotutangulia walifanya hivyo, na sisi hatuna haya kwa jambo hilo. Lakini leo tunataka kuuliza neno moja ambalo limekaa moyoni mwetu miaka mingi: tukipanda mlima, tunapanda kama nani? Na tukishuka, tunaleta nini kwa wale waliobaki chini?

Neno hili hatukulipata katika kitabu kwanza. Tulilipata kwa aibu, juu ya mlima Kahuzi.

1. Tulivyopanda

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2015, wakati wa kiangazi. Mama mmoja wa kanisa alikuwa ameonyeshwa katika ndoto mlima mrefu wenye ukungu, na watu wakisali juu yake. Wazee walipima ndoto ile, wakaikubali, wakasema mlima ule ni Kahuzi. Basi tukajichanga, tukawa watu 11: mashemasi wawili, wamama watatu, vijana sita. Tulitoka Uvira alfajiri, tukapita bonde la Ruzizi, Sange, Luvungi, Kamanyola, kisha tukapanda Ngomo, mahali ambapo gari likipinda na abiria akitazama chini, hata asiyesali anakumbuka kusali. Jioni tukafika Bukavu na kulala kwa wandugu.

Asubuhi tulipita Miti, tukaacha njia kuu na kupanda kati ya mashamba ya chai mpaka Tshivanga, kituo cha Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Parki hiyo ina majina ya milima yake miwili: Kahuzi, wenye metre 3,308, na Biega, wenye metre 2,790. Ni milima ya moto uliozimika zamani. Sisi wa Uvira tunakaa kando ya Tanganyika, karibu metre 770 tu. Kwa hiyo, mtu akisimama juu ya Kahuzi, ameiacha pwani yetu chini yake kwa zaidi ya metre 2,500.

Pale kituoni walinzi walitueleza sheria. Msiwashe moto. Msikate kitu. Msitupe takataka. Msipige kelele. Mwenye kikohozi asikaribie gorila, kwa sababu magonjwa yetu huwaambukiza na kuwaua. Tena hakuna kulala juu. Wandugu, sisi tulikuwa tumekuja na mishumaa, ngoma ndogo, na shabaha ya kukesha usiku mzima. Tukaanza kunung'unika. Shemasi mmoja, ambaye leo ni mmoja wa wanaoandika maneno haya, alisema kwa sauti: “Tangu lini mlima wa Mungu unauzwa kwa tiketi?” Vijana wakacheka. Mlinzi hakucheka, wala hakukasirika. Alitupa tiketi zetu, akatutangulia pamoja na mzee mmoja Mtwa aliyekuwa kiongozi wa njia.

Njia ya Kahuzi haimhurumii mtu. Kwanza ni msitu wa miti mikubwa, tope na mizizi. Kisha inakuja mianzi, imesongamana hata mchana unakuwa kama jioni. Juu zaidi miti inakuwa mifupi, na nyuzi za kijivu zinaning'inia matawini kama ndevu za wazee. Mwisho ni majani, mawe, upepo na baridi ambayo mtu wa Uvira haijui. Tulitembea saa nyingi, tukipumzika kila mara kwa ajili ya wamama, ingawa tukisema kweli, wamama ndio walikuwa wakitungojea sisi.

Ndani ya mianzi, kijana mmoja alitoa kisu na kukata muanzi awe na fimbo ya kupandia. Mlinzi akasimama. “Weka chini.” Akatueleza kwamba machipukizi ya mianzi ni chakula cha gorila, na kwamba kila anayepita akikata mmoja, njia nzima itabaki wazi. Shemasi yule yule akajibu: “Ndugu, ni fimbo moja tu. Mungu aliotesha mianzi hii kwa ajili ya watu.” Ndipo mzee Mtwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akatugeukia na kusema polepole: “Ninyi mmekatazwa fimbo moja. Baba yangu alikatazwa mlima mzima.”

Hakuna aliyejibu. Kijana aliweka muanzi chini. Tukaendelea kupanda, na kutoka pale mpaka juu hatukusikia kitu isipokuwa pumzi zetu.

Juu tulisali bila ngoma na bila mishumaa, kwa sauti ndogo, labda robo ya saa. Ukungu ulifunguka kidogo, tukaona ziwa Kivu na kisiwa cha Idjwi, kisha ukafunga tena. Mama aliyeota ndoto alikuwa amebeba bidoni ndogo ili achote maji na udongo wa kuwapelekea wagonjwa. Alishuka nayo tupu. Tulipoagana na mzee pale Tshivanga, tulimwuliza tumwombee nini. Hakutaja utajiri. Alisema: “Niombeeni shamba la kulima, na watoto wasome.”

2. Mpaka si dhambi

Tukafungue sasa Kutoka 19. Waisraeli wamefika chini ya Sinai. Mungu anamwagiza Musa aweke mpaka kuuzunguka mlima wote, mtu asiuguse, hata mnyama asiuguse. Na baadaye, Musa akiwa amekwisha kupanda, Mungu anamrudisha chini kuwaonya watu mara ya pili wasije wakauvunja mpaka ule na kuangamia. Musa mwenyewe anashangaa kidogo, maana mpaka umekwisha kuwekwa. Lakini Mungu anatujua.

Basi, wapendwa, sisi tulionung'unika pale Tshivanga tulikuwa tumesahau Maandiko yetu. Mlima mtakatifu wa kwanza wa taifa la Israeli ulikuwa mlima wenye mipaka. Mpaka ule haukuwekwa kwa sababu Mungu aliwachukia watu. Uliwekwa ili watu waishi.

Hata Kahuzi ina mipaka ili kitu kiishi. Wabelgiji waliiweka kuwa hifadhi ya wanyama na misitu mwaka 1937. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1970, nchi yetu iliifanya parki ya taifa, ikiwa na kilometre za mraba 600. Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyekuwa mwindaji, alifanya kazi kubwa katika jambo hilo, akiongozwa msituni na Watwa waliozijua njia zote za gorila. Mwaka 1975 parki iliongezwa mpaka kilometre za mraba 6,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika kati ya mali za urithi wa dunia, na mwaka 1997, kwa sababu ya vita, ikaiandika kati ya zile zilizo hatarini.

Na hatari ilikuwa kweli. Wazee mnakumbuka noti ya zaire 50,000 yenye picha ya gorila. Gorila dume mkubwa wa Kahuzi, aliyeitwa Maheshe, ambaye wageni walitoka mbali kumwona, aliuawa na majangili mwaka 1993. Kisha vikaja vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, watu wenye silaha, machimbo ya coltan, makala. Tembo wa sehemu ya juu wakamalizwa karibu wote. Gorila wa sehemu ile wakapungua kiasi cha nusu kwa miaka michache. Gorila hao wa nchi za chini za mashariki hawapatikani popote duniani isipokuwa katika Kongo yetu. Kama pasingekuwa na mpaka, na walinzi waliokufa wakiulinda, leo tungewaonyesha watoto wetu noti ya zamani tu.

Kwa hiyo tunawaambia vijana: ukiona mpaka, usiseme haraka kwamba ni adui wa Mungu. Uliza kwanza unalinda nini.

3. Lakini Nabothi alikuwa nani?

Hata hivyo, wandugu, hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu neno la mzee yule halituachi. Tufungue 1 Wafalme 21. Nabothi ana shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme. Mfalme Ahabu analitaka liwe bustani ya mboga. Anaahidi kulipa. Nabothi anakataa, si kwa kiburi, bali kwa sababu ni urithi wa baba zake. Basi zinaandikwa barua, zinapigwa muhuri wa mfalme, wazee wa mji wanaitwa, mashahidi wanapatikana. Kila kitu kinafanyika kwa karatasi. Na mwisho Nabothi amekufa na shamba limechukuliwa.

Watwa, ambao wengine huwaita Wambuti, walikaa katika msitu wa Kahuzi kabla ya karatasi zote. Msitu ulikuwa nyumba yao, dawa yao, chakula chao, na makaburi ya wazee wao. Katika miaka ile ya 1970 maelfu yao walifukuzwa ili parki iwe parki. Wengi hawakupewa ardhi nyingine. Wakabaki kando ya mashamba ya watu, wakilima kwa vibarua, wakiitwa wezi wanapoingia kutafuta kuni mahali walipozaliwa.

Mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani kwa nguvu. Wakagombana na walinzi, watu wakafa upande huu na upande ule, na miti mingi ikakatwa ikawa makala. Mwaka 2022, mwezi wa saba, nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za Wambuti wenyeji. Na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki za Watwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa, na kwamba wanapaswa kurudishiwa ardhi yao na kulipwa fidia.

Hatusemi kwamba parki ni Ahabu. Ahabu alitaka mboga za meza yake, lakini msitu ule unanywesha nchi nzima. Na miti iliyokatwa mwaka 2018 haikuwatajirisha Watwa. Makala yalipanda magari ya watu wengine. Lakini tunasema hivi: jambo jema likijengwa juu ya chozi la mnyonge, chozi lile halikauki. Eliya alitumwa kwa mfalme kumwuliza neno moja tu, naye alimwuliza ndani ya shamba lenyewe. Sisi pia tuliulizwa ndani ya shamba lenyewe. Tulikwenda kutafuta uso wa Mungu katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa, na hatukumpa hata salamu mpaka aliposema.

4. Mtoto aliye chini ya mlima

Somo la tatu ni Marko 9. Yesu anapanda mlimani na wanafunzi watatu, na sura yake inageuka mbele yao. Petro anaona vizuri sana, anataka kujenga vibanda vitatu na kubaki. Bwana hajibu neno la vibanda. Wanashuka. Na chini wanakuta nini? Wanakuta wanafunzi wengine wakibishana na waandishi, na baba aliyeleta mtoto mgonjwa, ambaye pepo humtupa mara motoni na mara majini. Nao wameshindwa kumponya.

Motoni na majini. Sisi wa Uvira tunamjua mtoto huyu.

Kila kiangazi moto unapandishwa juu ya milima yetu. Ukikaa ziwani usiku ndani ya mtumbwi, unaona mistari ya moto ukutani mwa Mitumba. Mwingine anachoma ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe, mwingine anatafuta shamba, mwingine anachoma makala. Halafu mvua inakuja, na mlima uliovuliwa nguo hauwezi kushika maji. Katikati ya mwezi wa nne mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha na mto Mulongwe ukashuka na mawe, miti na matope. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, maji ya bomba yakakatika, na sisi tukasahau kwa muda ugonjwa wa Corona tuliokuwa tunauogopa. Tulizika watu wa kanisa letu. Tulilala na familia za wandugu ndani ya nyumba ya Mungu, kati ya viti.

Sikieni vizuri: hatusemi kwamba Mungu aliwaua watoto wa Mulongwe kwa sababu ya dhambi ya mtu fulani. Anayesema hivyo hajawahi kubeba maiti ya mtoto. Mvua ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na nyumba nyingi zilijengwa karibu mno na mto kwa sababu watu walikosa mahali pengine. Lakini tunapaswa kuungama lililo letu. Mahali petu pa sala juu ya mji, sisi wenyewe tulijenga vibanda, kama Petro alivyotaka. Tulikata miti kwa ajili ya nguzo. Tulikata mingine kwa ajili ya moto wa mikesha. Tulipokuja hapo mara ya kwanza palikuwa na kivuli, na baada ya miaka palibaki udongo mwekundu na mawe. Tulisema ni mahali patakatifu, na tuliharibu kuliko watu wasiosali.

Hapo ndipo tulikumbuka Tshivanga, mlinzi, na ule muanzi mmoja.

5. Tufanye nini?

Baada ya mafuriko, baraza la mashemasi lilikubaliana mambo matatu. La kwanza, anayepanda kusali asikate mti mbichi wala asiwashe moto, hata kama ni mkesha. Avae koti. La pili, kila kikundi kinachopanda wakati wa mvua kibebe miche na majembe, na anayeshuka achague siku ya kurudi kumwagilia. La tatu, hatutajenga tena kibanda juu. Bwana alishuka bila kibanda.

Mambo hayo yalipita bila ubishi. Ubishi ulikuja na jambo la nne. Kuna mama mmoja katika kanisa letu, mjane wenye watoto watano, ambaye aliishi kwa kuchoma makala kule juu. Wengine walisema afukuzwe katika ushirika mpaka aache. Alisimama mbele ya wazee akasema: “Nikiacha leo, kesho watoto watakula sheria yenu?” Tulinyamaza, kama tulivyonyamaza ndani ya mianzi.

Kumfukuza ingekuwa rahisi. Lakini tungekuwa tumeweka mpaka kama ule uliomweka mzee Mtwa nje ya nyumba yake, bila shamba na bila shule. Kwa hiyo tulichanga. Sanduku la ushemasi lilimpa mtaji mdogo wa kununua ndagala pale ufukweni na kuziuza kavu sokoni. Mwaka wa kwanza alirudi kwenye makala mara mbili, ziwa lilipokosa samaki. Hatukumtangaza kanisani. Tulimwongezea. Na tangu vita vya mwaka 2025 vilipoharibu njia na masoko, tunakiri kwamba sanduku letu limekuwa dogo kuliko njaa ya watu, na wako wengi wanaopanda tena na shoka kwa sababu hawana njia nyingine. Hatuwezi kuwahukumu tukiwa tumeshiba.

Ndiyo maana tunawaandikia. Milima yetu si ya Uvira peke yake. Nyuma ya mji wetu iko Itombwe, nchi ya mlima Mohi wenye metre 3,475, mrefu kuliko Kahuzi. Serikali iliifanya hifadhi mwaka 2006, na mipaka yake iliwekwa mwaka 2016. Vijana wetu wataishi karibu na mipaka hiyo maisha yao yote. Wasijifunze kuichukia kama sisi tulivyofanya kwa kinywa chetu. Lakini pia wasikubali mpaka wowote unaomlinda mnyama na kumsahau mtu aliyekuwa ndani. Waulize mambo yote mawili: unalinda nini, na umemweka nani nje?

Na wewe unayepanda mlima wiki hii, jiulize ni mtoto gani anayekungoja chini. Ukishuka na mikono mitupu kama mama yule na bidoni yake, si neno. Yeye alikwenda kuchota udongo, akashuka na jina la mtu wa kuombea, na mpaka leo anamwombea mzee yule kila siku ya tano: shamba la kulima, na watoto wasome.

Bwana, uliyemwagiza Musa aweke mpaka ili watu wako waishi, tufundishe kuheshimu mlima. Wewe uliyemsikia Nabothi wakati hakuna aliyemsikia, warudishie Watwa mahali pa kukaa. Wewe uliyeshuka kwa ajili ya mtoto mmoja, uwatoe watoto wetu motoni na majini. Ulipatie bonde la Ruzizi amani. Amina.